Taratibu Hapo, Mwosha

Mwanamume wa kwanza kuja kuulalamikia wimbo alikuja na shehe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Temeke, nyumbani kwa Bi Chausiku. Naima, bintiye, alikuwa uani akifua shuka jeupe la jukwaani aliposikia hodi ya watu wazima, hodi isiyo na papara. Akafuta mikono kwenye kanga, akachungulia. Mlangoni alisimama Nassibu, muuza mabati wa mtaa wa pili, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Nyuma yake alikuwapo Shehe Suhaib wa msikiti wa mtaani, uso umemkunjamana kama mtu aliyeitwa kuamua ugomvi kabla hajanywa chai.

"Shikamoo shehe. Shikamoo kaka Nassibu."

"Marahaba, binti," alijibu shehe. Nassibu aliangalia ukuta.

Bi Chausiku aliwatandikia mkeka barazani. Hakuuliza walichofuata, kwa sababu watu waliokuja kwake asubuhi na nyuso kama zile walikuwa na shida moja tu. Alikuwa mwosha. Kwa miaka mingi, mwanamke wa Kiislamu akifariki katika mitaa ile, aliyefuatwa ni yeye. Alikuwa na kikapu cha ukili chenye mfuniko, na humo mlikuwa na pamba, majani makavu ya mkunazi, karafuu maiti na kata ya kifuu cha nazi ya kumiminia maji. Kikapu hicho hakikutoka ndani kwa safari nyingine yoyote. Sokoni alikwenda na mfuko wa plastiki, harusini alikwenda na mkoba. Kwa hiyo alipoonekana njiani na kikapu, watu walipunguza redio, vijana wa kijiweni wakasimama, na lazima mwanamke mmoja angeuliza kwa sauti ya chini, "Nani tena?"

"Nani tena?" aliuliza sasa Bi Chausiku mwenyewe.

"Hakuna aliyefariki," alisema shehe. "Tumekuja kwa ajili ya wimbo."

Bi Chausiku akageuka, akamtazama binti yake.

Wimbo wenyewe uliitwa "Taratibu". Ulikuwa katikati ya albamu ya Naima, *Maji Matatu*, na ulikuwa umetangulizwa redioni wiki chache kabla ya albamu kuzinduliwa. Zamani Naima aliimba nyimbo za kitchen party, nyimbo za mapenzi za kutikisia mabega, na watu walimpenda bila kumsumbua. Kisha akanyamaza karibu mwaka mzima. Aliporudi alikuwa amejifunga shuka jeupe kuanzia kichwani, pamba puani, ndoo ya bati mkononi, na jina lake la jukwaani likawa Marehemu. Albamu nzima ilikuwa inasemwa na mwanamke mmoja aliyekufa, anayeoshwa, kuanzia ndoo ya kwanza mpaka udongo. Kwenye mahojiano hakuwa anamsalimia mtangazaji. "Maiti hasalimii," alisema, na mitandao ikawaka. Wengine wakamwita freemason. Wengine wakasema amechizi. Ila siku moja, mlangoni pa kituo cha redio, mlinzi mzee alimwona akichomoa pamba upesi upesi, akasema "Shikamoo baba," kisha akairudisha. Mlinzi yule alikwenda akawaambia wenziwe kwamba maiti huyu amelelewa.

"Mie sikuja kwa shari, Bi Chausiku," alisema Nassibu. "Lakini huyu binti yako kamwimba mke wangu."

"Kamwimba wapi?"

"Humo humo. Bega. Marehemu Farida alikuwa na jeraha la bega, mtaa mzima unajua alianguka bafuni."

"Kama mtaa mzima unajua alianguka bafuni," alisema Naima, "wimbo unakuudhi nini, kaka? Hauna bafu wala jina la mtu."

"Naima!" Bi Chausiku alimkata.

"Mwache aseme! Si ndiyo kazi yake, kusema yasiyomhusu? Anajivika sanda kama doli, anatia pamba puani anauza sura!" Nassibu alikuwa ameanza kutokwa na jasho. "Mke wangu kaoshwa na wewe. Aliyemwona ni wewe. Hayo maneno kayatoa wapi?"

Shehe Suhaib aliinua mkono. Hakuwa mtu mkali, na ilionekana jambo lile halimpendezi. Alisema mwosha ni amana. Alichokiona mwilini kinabaki huko huko, ndiyo sitara ya maiti. Watu wameanza kusema kwamba amana imevuja, imetoka kwa mama ikaingia kwa binti, na kutoka kwa binti ikaenda redioni. Akinamama wa kamati ya maziko wamekaa, wameona hivi: wimbo utolewe kwenye albamu kabla ya uzinduzi wa Jumapili ya juma lijalo. Usipotolewa, watatafuta mwosha mwingine.

"Tutarudi Alhamisi kuchukua jibu," alisema shehe, akainuka. Kisha akaongeza, kama mtu anayeomba radhi, "Bi Chausiku, ulimwosha mama yangu. Sijasahau."

Walipoondoka, mama na binti walibaki barazani. Chai iliyopikwa kwa ajili ya wageni ilikuwa inapoa.

"Mama, Wallahi, mie sikuwa najua chochote kuhusu dada Farida."

"Najua."

"Kwani ilikuwa kweli? Hilo bega..."

"Usiniulize hilo, Naima. Usiniulize leo wala kesho."

Naima akainamisha kichwa. Tangu akiwa mdogo alimfuata mama yake misibani kubeba maji. Alipeleka ndoo mpaka kwenye pazia, mkono wa mama ukatoka, ukaichukua, pazia likafungwa. Hakuwahi kupita pale. Yaliyokuwa nyuma ya pazia aliyajua kwa masikio tu: maji yakimiminwa, kalima ikisomwa, na mara moja moja sauti ya mama yake ikimwambia msaidizi, "Taratibu hapo." Mara nyingine hakuisema kabisa. Lakini siku aliyoisema, Bi Chausiku alirudi nyumbani hali chakula. Aliosha mikono, akakaa, akaiangalia, akaenda kuiosha tena. Naima alikua akiyajua hayo bila kuyaelewa, kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Alipoanza kuyaelewa ndipo alipoacha kuimba kitchen party.

Na kiitikio cha wimbo, kile kilichomleta Nassibu na kanzu yake ya pasi, kilikuwa hiki:

*Taratibu hapo, mwosha,*
*jeraha la bega ni bichi.*
*Anayelia nje ya pazia,*
*machozi yake hayalifichi.*

"Mie mambo yako ya muziki siyajui," alisema Bi Chausiku. "Na hiyo pamba inanichukiza, nakwambia kweli. Sanda ni vazi la safari, si la kuchezea."

"Sichezei, Mama."

"Ndiyo maana sijakukataza." Akamimina chai, akainywa ya baridi vile vile.

*

Studio ya Talha ilikuwa Chang'ombe, nyuma ya karakana ya wachomelea mageti. Mashine za kukatia vyuma zilipiga kelele kutwa, kwa hiyo Talha alirekodi sauti za waimbaji mafundi walipokwenda kula au kuswali. Katika "Taratibu" fundi mmoja aliwahi kurudi, akawasha mashine kabla Naima hajamaliza, na ule mlio wa chuma ukaingia kwenye ubeti wa mwisho. Talha alitaka kuufuta. Naima alikataa. Alisema nje ya pazia maisha huwa yanaendelea hivyo hivyo, watu wanakata vyuma.

"Utoe," Naima alimwambia Jumatatu.

Talha, mtu mnene aliyependa kucheka, hakucheka. "Nitoe nini?"

"'Taratibu'. Utoe kwenye albamu."

"Sista, unanitoa roho. Albamu nzima imekaa juu ya huo wimbo. Ukiutoa unabaki na shuka na ndoo, unakuwa muuza maji." Alisogeza kiti. "Nani kakutisha? Hawa wa freemason? Achana nao, hawa jana walikuwa wanasema mie mwenyewe nina majini kwenye mixer."

"Hakuna aliyenitisha mie. Wanataka kumnyang'anya mama kikapu."

Talha alimfahamu Bi Chausiku. Akaufungua wimbo kwenye kompyuta, mistari yake ya kijani na bluu ikajipanga kiooni. Naima aliiangalia. Moyoni alikuwa anapigana. Aliimba mambo aliyoyabeba tangu utotoni, na hakumsingizia mtu. Hata hivyo mama yake alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho watu walimheshimia, nacho ni kile kikapu. Ilikuwa haki kweli binti akitumie kulipia wimbo?

"Usiutoe mpaka Alhamisi," alisema mwishowe. "Lakini ujiandae."

Simu yake ikaita. Alikuwa Bi Chausiku. "Njoo nyumbani. Kuna mwingine."

Huyo mwingine alikuwa Mzee Kondo, mstaafu wa kiwandani, mtu wa bakora na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyeishi karibu na soko tangu zamani. Naima alimkuta barazani, bakora imelazwa mapajani, macho mekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeusikia wimbo kwa yule kinyozi. Nikatoka kichwa nusu kimenyolewa." Kweli, alipovua kofia upande mmoja ulikuwa na mvi na upande mmoja hauna. Siku nyingine Naima angecheka. "Mie sikuja kugomba. Nimekuja kuuliza. Marehemu mke wangu, Bi Mwajuma, aliwaambia nini?"

Naima alimtazama mama yake. Bi Mwajuma alikufa Naima akiwa bado anabebwa mgongoni.

"Hakuniambia kitu, Mzee Kondo," alisema Bi Chausiku. "Maiti hasemi."

"Hakusema neno?"

"Hakusema."

Mzee alikaa akiitingisha bakora yake polepole. "Huyu binti kaimba kama aliyekuwapo chumbani," alisema. Akaaga. Alipofika barabarani hakuelekea kwa kinyozi, alielekea msikitini, kofia yake mkononi na kichwa chake kile kikionwa na kila mtu.

Naima alisimama mlangoni mpaka alipopotea. "Mama, huyu ni wa pili," alisema. "Na wimbo sikuwatungia wao. Nimetunga bega moja tu, wao ndio wanaokuja kuliokota, kila mmoja analiona lake."

"Nimesikia."

"Nikiutoa wimbo, nitakuwa nimewasaidia kufunga pazia. Nisipoutoa, watakunyang'anya kazi. Niambie nifanye nini."

Bi Chausiku alikuwa anachambua majani ya mkunazi kwenye ungo, anatoa vijiti, anabakiza majani. "Nimeswali, sijapata jibu," alisema. "Swali na wewe."

Naima aliswali magharibi, akabaki juu ya msala. Hakuwa na dua ndefu. Alisema tu, "Ewe Mola, kama nimekosa nionyeshe, nitaacha. Kama sijakosa, usiniache nikawa mwoga." Akakaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Moyo wake ulitulia kidogo, lakini jibu hakuambiwa.

*

Alhamisi shehe na Nassibu walikuja kabla ya alasiri. Nassibu hakuwa na kanzu siku hiyo, alikuwa na kaptura ya dukani na kalamu sikioni, kama mtu aliyekwisha kujua jibu na hataki kupoteza muda.

"Haya, Bi Chausiku," alisema. "Wimbo unatoka au unabaki?"

Bi Chausiku alifungua mdomo. Hapo hapo pikipiki ikaja kwa kasi, ikafunga breki mbele ya baraza, vumbi likawafunika wote. Aliyeshuka alikuwa mwanamume wa makamo, shati zuri, macho yamemtoka. Naima hakumjua.

"Nani kawaambia?" alipiga kelele, hata salamu hakutoa. "Kawaambia yeye? Kaja hapa? Semeni!"

"Mudathir," alisema Bi Chausiku kwa utulivu. "Huyu ni Mudathir wa Gongo la Mboto," aliwaeleza wengine. "Nilimwosha mama yake. Karibu, baba. Nani katuambia nini?"

"Habari za mke wangu! Kutwa nyumbani ni huo wimbo, anapika nao, anafua nao. Nikimwambia nyamaza, ananyamaza, nikigeuka naye kaanza. Binti yako kaimba bega la mke wangu redioni, nchi nzima inasikia! Nataka uutoe leo!"

Nassibu alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa, amefurahi kupata mwenzake. "Si unaona, shehe? Si mie peke yangu."

Bi Chausiku alimtazama Mudathir. Alimtazama kwa makini ya kazi yake, bila haraka.

"Mkeo ni nani, baba?"

"Mwanaasha."

"Nilimwosha lini?"

Mudathir akaitazama pikipiki yake.

"Nimewaosha wengi, huenda nimesahau. Nikumbushe. Mwanaasha amefariki lini?"

"Hajafariki," alisema Mudathir. "Yuko nyumbani."

Kwa fundi cherehani wa jirani mashine ilisimama. Nassibu alichukua kalamu sikioni, akaiangalia, akairudisha. Mudathir mwenyewe alikuwa bado hajatambua alichokisema, kisha Naima akaona kinamwingia usoni, polepole, na nyuma yake ikaja hasira mbaya kuliko ile ya kwanza. Akageukia pikipiki. Naima alijua anakokwenda na anakwenda kufanya nini.

Adhana ya alasiri ikaanza.

Shehe Suhaib aliinuka, akamshika Mudathir mkono, akapitisha vidole vyake katikati ya vya mwenzake kama wanavyoshikana marafiki. "Alhamdulillahi," alisema, "umefika wakati mzuri. Twende tukaswali."

"Shehe, nina haraka..."

"Haraka ya kumzidi Mola wako? Mbele za watu hawa?" Alisema kwa upole, lakini mkono hakuuachia. "Nassibu, mshike upande huo. Pikipiki haitaibiwa."

Nassibu alisita. Kisha, bila kumwangalia mtu yeyote, akamshika Mudathir mkono wa pili. Watatu wakaondoka, Mudathir katikati. Kabla ya kukata kona shehe aligeuza shingo, akamtazama Bi Chausiku, akatazama barabara ya kwenda Tazara, njia ya Gongo la Mboto. Siku hiyo, walisema baadaye waliokuwapo, Shehe Suhaib aliyezoea kuswalisha upesi alikaa kwenye kila rakaa mpaka watu wakaanza kukohoa.

Bi Chausiku alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka amevaa baibui, na kikapu mkononi.

"Mama, kikapu cha nini? Si yuko hai?"

"Vaa zile nguo zako."

"Zipi?"

"Zile zinazonichukiza. Na hiyo pamba. Mwite Daniel na bajaji yake."

Ndani ya bajaji, wakipita Tazara kuishika njia ya Pugu, Naima alikuwa amejifunga shuka, pamba puani, ndoo ya bati katikati ya magoti. Daniel, Mkristo wa kutoka Singida aliyekuwa jirani yao, aliwaangalia kwenye kioo akapiga ishara ya msalaba. "Bi Chausiku, pole. Nani tena?"

"Endesha, baba."

Kisha akamgeukia binti yake. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini Naima alisikia kila neno juu ya kelele ya injini. "Yale ya nyuma ya pazia nimeapa, na nitakwenda nayo kwa Mola wangu. Hata wewe mwanangu hutayapata. Lakini nimeapa kwa ajili ya waliokufa. Kwa aliye hai sijaapa kitu. Huyu mie sitamwosha, Naima. Sikubali."

Naima akatoa simu, akamrekodia Talha ujumbe, pua imeziba: "Braza, wimbo haukatwi."

*

Gongo la Mboto ilikuwa na shughuli zake za alasiri. Muuza chipsi alikuwa amefungulia singeli, akinamama wanasukana nje, watoto wanacheza rede. Bi Chausiku alishuka akatembea katikati ya mtaa, kikapu mbele yake, na huko pia walimjua. Muuza chipsi akazima singeli. Akinamama wakasimama, mmoja nywele nusu zimesukwa. Walipomwona Naima nyuma yake katika shuka jeupe, mtoto mmoja alikimbia akilia.

"Jamani! Nyumba ya nani?"

"Ya Mudathir? Mama yake si alishafariki?"

Kijana mmoja alikuwa ameshabeba viti viwili vya plastiki, kwa mazoea ya msiba. "Bibi, shikamoo. Tulete turubai? Nani kafa?"

"Marahaba. Bado," alisema Bi Chausiku.

Kijana akabaki na viti vyake mikononi. Lile neno likaanza kutembea, Naima alilisikia likitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Bado. Kasema bado. Na mtaa mzima, bila kuambiwa zaidi, ukageuka kuutazama mlango wa Mudathir. Hawakuuliza bado nini. Walikuwa majirani zake, na kuta zao zilipakana.

Mlango ukafunguka kidogo. Alisimama mwanamke mwembamba, kijana kuliko Naima, kanga imezungushwa begani kwa namna ya kuficha jinsi mkono wake wa kulia ulivyolala kifuani.

"Hodi mwanangu," alisema Bi Chausiku. "Mie ni mwosha. Kuna mtu amekuja kwangu leo akidai kwamba binti yangu ameimba maiti wa nyumba hii. Nimefuata maiti. Yuko wapi?"

Mwanaasha alitazama kikapu. Akatazama shuka jeupe.

"Hapa hakuna maiti, bibi."

"Wewe ni nani?"

"Mie ni Mwanaasha."

"Mzima?"

Mwanaasha akatupa jicho nyuma ya bibi. Wanawake walikuwa wamejaa uani sasa.

"Mzima," alisema.

"Masikio yangu ya kizee. Waambie na hawa."

"Mie ni mzima!" Ilitoka kwa nguvu mpaka mwenyewe akashtuka. Akaivuta kanga kutoka begani, akaiacha ianguke, watu wakaliona bega lililovimba. "Mie ni mzima, jamani! Sijafa!"

Naima alichomoa pamba puani. Nyimbo zote za albamu alikuwa ameziimba nayo, kwa sauti iliyobanwa, ya mtu aliye chini ya kitu. Sasa akauanza wimbo kwa pua yake na pumzi yake yote, bila mashine wala ngoma, na akagundua kwamba Mwanaasha anauimba pamoja naye, neno kwa neno, na kwamba wanawake wengi pale uani wanaujua.

*Anayelia nje ya pazia,*
*machozi yake hayalifichi.*

Walikuwa wanaurudia mara ya tatu pikipiki ilipoingia. Mudathir aliendesha, na nyuma yake, kanzu imekusanywa mapajani, ameshikilia kiuno cha Mudathir kwa mikono miwili, alikaa Shehe Suhaib.

"Mwanaasha, ingia ndani!" alisema Mudathir.

Mwanaasha hakuingia. Wanawake hawakumpisha. Yule mwenye nywele nusu alisogea akasimama mbele yake, kitana bado kimechomekwa kichwani. "Apite wapi?" alimuuliza Mudathir. "Huoni pamejaa?"

"Mudathir," alisema shehe akishuka, akiinyoosha kanzu yake, "kaa kwenye hicho kiti." Kijana wa viti akaweka kiti kimoja chini. Mudathir aliutazama mtaa wake. Akakaa.

Bi Chausiku alipiga goti mlangoni, akafungua kikapu. Akatoa pamba, akaiweka kizingitini. Akatoa mfuko wa majani ya mkunazi, karafuu maiti ya kwenye karatasi, kata ya kifuu. Vyote akavipanga pale pale, mbele ya kiti cha Mudathir, mpaka kikapu kikabaki kitupu. Akakipangusa ndani kwa ncha ya baibui, akamkabidhi Mwanaasha.

"Tia nguo zako," alisema.

Walirudi Temeke jua likiwa bado juu, wanawake watatu katika bajaji ya Daniel, na kikapu kimelala mapajani mwa Mwanaasha kimejaa mpaka mfuniko hauzibi. Kesho yake wangekwenda hospitali, kisha polisi, dawati la jinsia. Jumapili Naima angepanda jukwaani. Zipo nyumba ambazo hazikumwita tena Bi Chausiku, ya Nassibu ikiwa ya kwanza, naye hakuwahi kuwabembeleza.

Walipokata kona ya mtaa wao, vijana wa kijiweni waliona kikapu, wakasimama. Kinyozi akapunguza redio. Fundi cherehani akatoa kichwa mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Bi Chausiku. Nani tena?"

"Mwanaasha," alijibu. "Amehamia kwetu." Kisha akamgeukia kinyozi. "Na wewe, nani kakwambia upunguze? Hebu ongeza hiyo redio."